Mifupa ya watoto wachanga inasema nini kuhusu vifo vya zamani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapata kwa watu wa Bombo, Arua na Kampala, kila nilipoeleza kazi yangu ya kusafisha na kupanga mifupa iliyofukuliwa. Wengi waliouliza ni wazazi. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, kwa sababu jambo lenyewe linawagusa kina mama, na kina mama wa zamani wamesingiziwa mengi.

Ni kweli kwamba zamani nusu ya watoto walikuwa wanakufa?

Kwa jamii nyingi, ndiyo, karibu nusu hawakufika utu uzima. Mwaka 2013 watafiti Anthony Volk na Jeremy Atkinson walikusanya takwimu za jamii nyingi za kale, za wawindaji na za wakulima, wakakuta kwamba takribani asilimia 27 ya watoto walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na karibu nusu kabla ya kubalehe. Ukitaka kuona umbali tuliotoka, linganisha na Uganda yetu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 ulihesabu vifo 43 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kabla ya mwaka mmoja. Ule wa 2022 ulihesabu 36. Zamani, kwa hesabu hiyohiyo, ingekuwa kama 270.

Lakini angalia takwimu hizo za kale zilitoka wapi. Nyingi zilitoka kwenye rejista za vizazi na vifo, kama zile Sweden ilizoanza kuweka katikati ya karne ya 18, au kwa watu waliohojiwa wakiwa hai. Mifupa peke yake haitoi namba hiyo kirahisi, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Kaburi la kale likiwa na mifupa mingi ya watoto wachanga, si ushahidi kwamba watoto wa hapo walikufa sana?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalotaka msomaji alishike hata akisahau mengine.

Habuba wangu, yaani bibi yangu kwa Kinubi chetu cha Bombo, alizaa watoto 11. Wanne walifariki wakiwa wachanga. Makaburi yao yalikuwa nyuma ya nyumba karibu na mwembe, mafungu manne madogo ya udongo yaliyozungushiwa mawe, na sisi wajukuu tulikatazwa kukimbia hapo. Jirani yake alizaa watoto watatu, akazika wawili.

Sasa fikiria mtaalamu anakuja baada ya miaka 500. Hajui habuba alizaa wangapi, wala jirani alizaa wangapi. Anaona makaburi manne huku, mawili kule. Ataandika kwamba nyumba ya kwanza ilikuwa na vifo vingi vya watoto maradufu. Kumbe aliyepata msiba mkubwa ni jirani: alipoteza wawili kati ya watatu, na habuba alipoteza wanne kati ya 11. Makaburi manne yametokana na uzazi mwingi.

Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa jamii nzima. Mahali wanapozaliwa watoto wengi, idadi ya watoto makaburini inakuwa kubwa hata kama kila mtoto ana nafasi nzuri ya kuishi, kwa sababu tu watoto ni wengi kuliko watu wazima. Wataalamu walianza kulisema jambo hili miaka ya 1980. Mwaka 2021 Clare McFadden wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake walilipima kwa takwimu za Umoja wa Mataifa za nchi za leo, ambako vizazi na vifo vyote vinajulikana. Walikuta kwamba sehemu ya watoto wachanga kati ya watu wote waliofariki inafuata zaidi kiwango cha uzazi kuliko kiwango cha vifo vya watoto.

Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "asilimia 40 ya mifupa ni ya watoto, maisha yalikuwa ya kutisha", jiulize kwanza kama mwandishi ameuliza ni wangapi walizaliwa.

Na pale ambapo hakuna mifupa ya watoto kabisa?

Hapo tahadhari inazidi. Makaburi mengi ya kale yana watu wazima tu, na hakuna jamii ya zamani ambayo watoto wake hawakufa. Walikwenda wapi?

Sababu ya kwanza ni udongo. Mfupa wa mtoto mchanga ni mwepesi, una madini machache, umejaa vitundu. Udongo wetu mwekundu katika sehemu nyingi za Uganda una asidi, mvua inapita humo mwaka mzima, na mchwa hawalali. Mfupa wa mtu mzima unaweza kustahimili. Wa mtoto unayeyuka, pengine linabaki doa la rangi tofauti na vijino viwili vitatu.

Sababu ya pili ni desturi. Watu wengi hawakuwazika wachanga pamoja na wakubwa. Wengine waliwazika karibu na mlango, chini ya sakafu, shambani, au ndani ya chungu. Katika kisiwa cha Astypalaia huko Ugiriki kumepatikana zaidi ya watoto 2,700 waliozikwa ndani ya mitungi, mahali pao peke yao. Kama wachimbaji wangefukua makaburi ya watu wazima tu, wangesema kisiwa hicho hakikuwa na vifo vya watoto.

Sababu ya tatu ni sisi wachimbaji wenyewe. Mtoto anayezaliwa ana mifupa karibu 300, mtu mzima ana 206, kwa sababu vipande vya mtoto havijaungana bado. Vipande hivyo ni vidogo mno. Asiye na uzoefu huviona kama mifupa ya kuku au ya panya, akavitupa pamoja na mchanga wa chekeche. Nimeona boksi lililoandikwa "ndege" ambalo ndani yake mlikuwa na mbavu za binadamu, nyembamba kama njiti za kiberiti.

Mnajuaje umri wa mtoto aliyefariki?

Kwa meno, hasa. Watu wanadhani mtoto mchanga hana meno. Anayo, yamejificha ndani ya taya. Meno ya utotoni huanza kujengeka tumboni, mimba ikiwa na karibu miezi minne, na hukua kwa ratiba isiyoyumba sana hata mtoto akiwa na njaa.

Ukilishika jino la mbele la mtoto aliyefariki akizaliwa, unashika kofia ndogo isiyo na kitu ndani. Mzizi haujaota. Ukingo wake ni mwembamba hadi mwanga unapita, na likianguka mezani hulisikii. Magego yanakuwa vilele vinavyoanza kushikana. Sisi hulaza kila jino kwenye pamba, tukalilinganisha na michoro ya hatua za ukuaji, na kwa mtoto wa chini ya mwaka tunaweza kukisia umri kwa kukosea miezi michache tu.

Njia ya pili ni urefu wa mifupa mirefu. Fupaja la mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni huwa na milimita 70 hadi 80, kama urefu wa kidole changu cha kati. Tatizo ni kwamba mfupa hudumaa kwa njaa na maradhi, kwa hiyo mtoto wa miezi sita aliyeugua muda mrefu anaweza kuonekana wa miezi mitatu. Meno yakisema sita na fupaja likisema tatu, tofauti hiyo yenyewe ni habari: mtoto huyu aliteseka kabla ya kufariki.

Njia hizi zilijaribiwa kwa watu ambao umri wao ulijulikana. Chini ya kanisa la Christ Church, Spitalfields, London, wachimbaji walifukua karibu maiti 1,000 kati ya 1984 na 1986, na 387 kati yao walikuwa na vibao vya majeneza vyenye majina na umri.

Mnaweza kujua kama alizaliwa hai au alizaliwa mfu?

Mara nyingine, ndiyo. Kuzaliwa ni mshtuko mkubwa kwa mwili. Chakula kinabadilika, pumzi inabadilika, na jino linaloendelea kujengeka huandika mshtuko huo kama mstari mweusi mwembamba ndani ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino. Tunauita mstari wa kuzaliwa. Mtoto akiishi kama wiki moja hadi siku kumi baada ya kuzaliwa, mstari unaonekana kwa hadubini ya kawaida. Asipoishi hivyo, hauonekani. Jino linakatwa kipande chembamba sana, kwa hiyo kazi hiyo haifanywi ovyo. Mstari usipoonekana, huwezi kutofautisha aliyezaliwa mfu na aliyeishi siku mbili.

Mvulana au msichana?

Kwa kutazama mifupa ya mtoto mchanga, haiwezekani kwa uhakika. Inahitaji DNA, au protini za enameli ambazo hutofautiana kati ya wa kiume na wa kike.

Mifupa inaonyesha ugonjwa uliomuua?

Mara nyingi haionyeshi, na watu hukata tamaa nikisema hivyo. Fikiria wachanga wanaofariki kwetu leo: malaria, kuhara, homa ya mapafu, kuzaliwa kabla ya wakati, shida wakati wa uchungu. Karibu yote hayo huua kwa siku chache. Mfupa unahitaji wiki au miezi kubadilika. Mtoto wa jana na mtoto wa miaka 2,000 iliyopita wote wanaweza kufariki kwa malaria wakiwa na mifupa safi kabisa.

Mara chache DNA husaidia. Lugnano, kijiji cha Italia, kuna makaburi ya karne ya 5 yenye watoto wachanga 47, na katika mfupa wa mmoja ilipatikana DNA ya kijidudu cha malaria kali, kilekile kinachotusumbua sisi.

Yanayoacha alama ni maradhi ya kukaa nayo. Upungufu wa damu wa muda mrefu hutoboa vitundu kwenye paa la tundu la jicho. Kiseyeye huacha mifupa mipya laini pale damu ilipovuja. Matege hupinda miguu. Siko seli, au selimundu, inaweza kunenepesha mfupa wa fuvu na kuvuruga mifupa ya vidole vya watoto wadogo. Hili la mwisho linatuhusu sana: uchunguzi wa kitaifa wa damu za watoto wachanga Uganda, uliofanywa 2014 na 2015, ulikuta asilimia 13.3 wana chembe moja ya urithi huo, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Na kuna uvimbe wa taya za watoto ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliuona katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957 na kuuandikia mwaka uliofuata. Huo hula mfupa wa taya na kusukuma meno nje ya mahali pake, kwa hiyo ungeonekana hata kwenye fuvu la kale.

Kuna jambo moja linalowashangaza hata wanafunzi wa udaktari. Mtoto mwenye alama nyingi za ugonjwa kwenye mifupa huenda alikuwa na nguvu kuliko yule asiye na alama. Alama zinaonyesha kwamba aliugua na akaishi muda wa kutosha mwili ujibu. Mwenye mifupa safi huenda alichukuliwa na homa ya kwanza. James Wood na wenzake waliliandika jambo hili mwaka 1992, na tangu hapo hakuna mtu makini anayehesabu alama za ugonjwa na kusema moja kwa moja "hawa walikuwa wagonjwa kuliko wale".

Nimesikia mnaweza kujua mtoto aliachishwa ziwa lini. Kwa namna gani?

Kwa kupima nitrojeni. Kuna nitrojeni nzito na nyepesi, na kila unapopanda ngazi moja ya mlo, ile nzito huongezeka mwilini. Mtoto anayenyonya ni kama anamla mama yake, kwa hiyo mifupa na meno yake hupanda sehemu 2 hadi 3 kwa elfu juu ya mama. Akianza uji, kipimo huanza kushuka. Katika kijiji cha Wharram Percy, Uingereza, ambako karibu mifupa ya watu 700 ilifukuliwa, watoto waliacha kunyonya kufikia kama miezi 18. Kellis, mji wa jangwani Misri wa wakati wa Warumi, walianza kupewa vyakula vingine wakiwa na miezi sita na wakaendelea kunyonya hadi kama miaka mitatu.

Kwa nini tunajali? Kwa sababu kuachishwa ziwa ni daraja la hatari. Kinga ya maziwa inaondoka, maji machafu na chakula kisichotosha vinaingia. Mganda hahitaji kufundishwa hili na mtu wa maabara. Kuna neno obwosi, ugonjwa wa mtoto anayedhoofika baada ya mama kupata mimba nyingine, nalo lilikuwepo kabla daktari Hugh Trowell hajaanza kuchunguza kwashiakoo, utapiamlo mkali wa watoto, pale Mulago. Hata wodi ya lishe ya Mulago inaitwa Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda *Mwana mugimu ava ku ngozi*: mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Waswahili nao walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Na unyonyeshaji unaturudisha kwenye hesabu ya habuba. Mama anayenyonyesha muda mrefu huchelewa kupata mimba nyingine. Jamii ikiachisha mapema, wanazaliwa watoto wengi zaidi, na makaburi ya wachanga yanaongezeka, hata kama kila mtoto ana nafasi ileile ya kuishi. Nitrojeni ni mojawapo ya vitu vinavyotusaidia kutenganisha mambo haya mawili.

Je, zamani watu waliwaua watoto wachanga kwa makusudi?

Baadhi, ndiyo, na tuna maandishi yanayosema hivyo. Lakini mifupa imetumiwa vibaya kuthibitisha hilo. Kwenye jumba la kale la Warumi karibu na Hambleden, Uingereza, kulipatikana watoto 97, wengi wa umri wa kuzaliwa, na magazeti yakaandika habari za mauaji. Mimi naona tuliharakishwa. Siku ya kuzaliwa ndiyo siku ya hatari kuliko zote, hata leo katika hospitali nzuri. Mkusanyiko wa mifupa ya umri huo unaweza kuwa wa watoto waliokufa wakati wa uchungu, na mama zao wakilia ndani. Kabla ya kumwita mama muuaji, nataka ushahidi zaidi ya urefu wa fupaja.

Lakini kama walikufa wengi hivyo, si wazazi walizoea?

Nenda Kilifi, Kenya, kwenye pango la Panga ya Saidi. Huko kulifukuliwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la binadamu la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ilitolewa ikiwa ndani ya bonge la udongo lililopakwa plasta, na ni meno yaliyowaambia watafiti kwamba ni binadamu. Wakamwita Mtoto. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Jinsi mifupa ya bega ilivyokaa inaonyesha alikuwa amefungwa kwa kitu kama sanda, na jinsi kichwa kilivyoinama inaonyesha kulikuwa na mto chini yake ambao uliozea hapo.

Mtu alitafuta kitu laini akakiweka chini ya kichwa cha mtoto asiyesikia tena. Mtu aliyezoea hafanyi hivyo.

Krems huko Austria, watoto mapacha wachanga walizikwa miaka 31,000 iliyopita wakiwa na shanga za pembe, na juu yao liliwekwa bega la mnyama mkubwa aina ya mamothi ili udongo usiwalalie. Habuba alizika wanne, na kila Idi alipomaliza kusali alikwenda kwanza kwenye mwembe.

Uganda tuna mifupa ya aina hii?

Kidogo sana, kwa sababu za udongo nilizozitaja, na kwa kuwa uchimbaji wetu umeshughulika zaidi na vyungu, chuma na ng'ombe. Ntusi, makazi ya kale ya wafugaji huko Sembabule, ni mfano mzuri wa kufundishia. Vilima vya takataka vya pale vimejaa mifupa ya ng'ombe, na mingi ni ya wachanga. Hakuna anayesema Ntusi palikuwa mahali pa kufia ndama. Wote wanasema watu wa pale walikuwa na mifugo mingi sana. Hesabu hiyo hiyo nataka tuwafanyie binadamu.

Nikichimba msingi au choo nikakuta mifupa midogo, nifanye nini?

Simama kuchimba. Usiioshe, usiikusanye kwenye mfuko wa plastiki, usiitoe kwenye udongo wake, kwa sababu namna mtoto alivyolazwa inapotea pale tu unapomwinua. Funika kwa turubai au majani ya migomba ili jua lisiipasue na mvua isiiondoe. Mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na polisi, kwa kuwa kwanza lazima ijulikane kama ni mtu wa karibuni. Kama ni ya kale, taarifa inapelekwa idara ya makumbusho na mambo ya kale chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Makumbusho ya Uganda yako Kira Road, Kampala.

Waite pia wazee wa ukoo wa hapo, au imamu, au padri, kabla mtu yeyote hajagusa kitu. Huenda yupo mama mzee jirani anayejua ni wa nani, na angependa kuwepo.